Mifupa ya Wembe

Zadock Okinyi alikuwa na cheti kimoja tu maishani mwake, na cheti hicho kilisema kwamba yeye huacha nyama kidogo kuliko watu wote. Maneno yenyewe hayakuwa hayo. Kiliandikwa "Mkataji Bora wa Mwaka", kikapigwa muhuri na meneja akatia sahihi, lakini kila mtu kiwandani alijua maana yake. Samaki aina ya mbuta akipita mikononi mwa Zadock, minofu ilienda kwenye barafu ikisubiri ndege ya Ulaya, na mfupa uliobaki ungeweza kuchana nao nywele.

Kwa miaka kumi na minane alisimama kwenye meza ya tatu kutoka mlangoni, gambuti nyeupe miguuni, akikata. Alikuwa mtu wa mashoto. Wenzake walikata kisu kikielekea huku, yeye kisu chake kilielekea kule, kwa hiyo akawekwa mwisho wa meza asije akamtoboa mtu. Hakumtoboa mtu. Hakuacha nyama. Akirudi kwao Usenge, wavuvi walimwita fundi, naye aliitikia bila kujidai mnyenyekevu. Kuna watu wanaojivunia ng'ombe na kuna wanaojivunia watoto walioko Amerika. Zadock alijivunia mifupa.

Mwezi wa tatu kiwanda kikamwachisha kazi. Samaki walikuwa wamepungua ziwani, na hao waliofika walikuwa wadogo kiasi cha kumtia mkataji aibu. Msimamizi wake, kijana aitwaye Gordon, alimweleza kwamba kampuni inapunguza gharama, na akamwomba asilichukulie jambo hilo kibinafsi. Zadock alijaribu kulichukulia kwa namna nyingine lakini hakuiona. Walimpa barua, mshahara wa miezi miwili na gambuti zake, na wakamruhusu aondoke na kisu.

Nyumbani kwao Manyatta, mjini Kisumu, mkewe Lornah aliisoma barua mara mbili, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia.

"Basi na sisi tunapunguza," akasema. "Tukifika Disemba bila kitu, Baba Valarie, tunarudi Usenge."

Zadock alijua vizuri kilichomngoja Usenge. Hakuwa amejenga. Mwanamume wa miaka hamsini na minne angelala kwenye viti vya sebuleni kwa kaka yake mdogo, na kila asubuhi shemeji angemwomba kwa heshima ainuke ili afagie. Afadhali njaa ya Kisumu. Alimwambia Lornah apunguze chochote anachotaka.

Lornah hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo mara mbili. Siku ya kwanza aliyaondoa maziwa, wakawa watu wa turungi. Siku ya pili aliisukuma mitungi ya gesi uvunguni mwa kitanda na kurudi kutoka soko la Kibuye na kikapu kikubwa cha katani. Alikishindilia matambara pande zote, na katikati akaweka koti jeupe la kiwandani, lile lililokuwa na jina la Zadock mfukoni. Maharagwe yalichemshwa nusu saa tu kwenye makaa, sufuria ikafukiwa ndani ya kikapu, ikafunikwa mto, na kuanzia hapo ikawa ni kazi ya maharagwe kujipika yenyewe.

Zadock hakuamini. Aliketi kando ya kikapu kile kama mtu anayemlinda mgonjwa, na kabla ya saa sita alikuwa amekifunua mara tatu kuangalia kama kazi inaendelea. Maharagwe yalitoka yakiwa magumu, yakaliwa hivyo hivyo, na Lornah akatangaza sheria kwamba asiyejua kungoja asikaribie kikapu.

Maji ya kusuuza nguo yakawa maji ya kupigia deki, na maji ya deki yakawa maji ya choo. Taa ikabaki moja, ikawa mtu akitaka kusoma gazeti humfuata mwenye taa. Mafuta ya kupikia yalinunuliwa kwa kupimiwa, na Lornah aliyatia sufuriani kwa kifuniko cha chupa ya soda. Yote hayo Zadock aliyatazama tu akiwa hana la kufanya, na kwa mtu aliyezoea kusimama tangu alfajiri, kukaa bure kulimsumbua kuliko turungi.

Ndipo siku moja Lornah akamwambia amkatie sabuni.

Mche mmoja wa sabuni Zadock aliugawa vipande kumi na viwili, na Lornah alipovipanga mezani hakuona kilichomzidi mwenzake. Alimtazama mumewe. Akampa sukuma wiki. Sukuma ikatoka nyembamba kama nyuzi, na fungu lililokuwa la siku moja likaenda siku mbili. Akampa kitunguu, akampa nyanya, akampa dawa ya meno iliyokwisha, naye Zadock akaipasua tyubu kwa urefu na kuwapatia wiki nyingine nzima. Hivyo Zadock akapata kazi. Alinoa kisu kila asubuhi, akavaa gambuti zake, akasimama kwenye meza ya jikoni na kuuliza leo kuna nini.

Binti yao Valarie alikuja kutoka chuoni Maseno wikendi moja, akainua kipande kwa ncha ya kidole na kukiangalia dirishani.

"Baba, hii ni nyanya ama ni picha ya nyanya?"

"Kula," Zadock alimwambia. "Ladha ni ile ile."

Haikuwa ile ile, na yeye alijua.

Kilichobaki ni samaki. Lornah alikuwa amejaribu omena wiki tatu mfululizo, na sasa hata yeye alikuwa akiwatazama kwa chuki. Kumnunua mbuta au ngege mzima halikuwa jambo la kuzungumzwa. Palibaki mgongo wazi, yaani ule mfupa wa mbuta na kichwa chake, unaotoka viwandani baada ya minofu kuondolewa na kuuzwa Obunga, ambako akina mama huukaanga. Nusu ya Kisumu hula mgongo wazi na kushukuru. Lakini Zadock alisema katika nyumba yake hautaingia. Mtu aliyekuwa akitoa minofu hawezi kukaa chini akala alichokitupa.

Lornah aliununua bila kumwambia. Mara ya kwanza aliuvunja na kuutia kwenye mchuzi, na Zadock akala kwa ugali huku akijifanya haoni. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu mfupa mmoja uliingia mezani ukiwa mzima, mkavu, mweupe, hauna hata uzi wa nyama. Zadock aliushika, akaugeuza upande huu na upande ule, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu uso wake ukachangamka.

"Aliyemkata huyu," akasema, "anajua kazi."

Lornah aliupokonya mfupa. Alikuwa ametoa pesa ya chakula kwa kitu ambacho hata kulambwa hakikulambika.

"Mimi naibiwa huko," akasema. "Wewe ndio unajua samaki. Kesho twende pamoja."

Kwa hiyo Zadock akaenda Obunga, mahali ambapo miaka yote kumi na minane mifupa yake ilikwenda na yeye hakuwahi kukanyaga. Alivaa kofia ikamfika kwenye nyusi. Pande zote za njia kulikuwa na masufuria makubwa juu ya moto, moshi, harufu ya mafuta ya samaki inayomwingia mtu hadi kwenye soksi, na korongo wamesimama juu ya mabati wakisubiri mtu ageuze kichwa. Lornah alienda moja kwa moja kwa mama mmoja anayesifiwa kwamba hapunji wateja. Huyo aliitwa Nabututu. Alikuwa Mbukusu wa Bungoma, aliyekuja Kisumu kumfuata mume, mume akaondoka, yeye akabaki na samaki.

Lornah akautoa kwenye mfuko ule mfupa mkavu.

"Woi!" Nabututu akasema. "Nani alikuuzia hii? Hii ni stoki ya zamani, ile ya kukaushwa. Hizi ni za Wembe."

"Wembe ni nani?"

"Ona hapa, mama. Hii mistari ya kisu. Watu wote wanakata ikienda hivi. Huyu anakata ikienda hivi. Ni mtu wa mashoto. Ukiona mfupa iko na mistari imelala hii upande, rudisha haraka. Ya Wembe hata paka inakataa."

Lornah hakugeuka kumtazama mumewe. Aliendelea kuutazama mfupa.

"Mnamjua?"

"Hatujawahi kumuona. Tunamjua na mifupa tu. Miaka kumi na nane, mama! Gunia ikifika tunachambua, hii ya watu, hii ya Wembe. Ya Wembe ni hasara. Mwenye ilikuangukia siku hiyo, watoto wanalala na uji. Tulipeleka mpaka kwa maombi ya Alhamisi."

Zadock alikohoa. "Mliomba nini?"

"Wengine walitaka avunjike mkono," Nabututu alisema, akimjibu kwa heshima kama mzee wa kawaida. "Mama Aloo, huyu wa hapa kando, akasema hapana, si mkono mzima. Kidole tu."

Mama Aloo, aliyekuwa akigeuza samaki kwenye sufuria ya pili, alitikisa kichwa kuthibitisha.

"Mimi nilikataa," Nabututu akaendelea. "Nikasema sisi ni Wakristo. Tumuombee Mungu ampatie kazi ingine. Basi, tukaomba. Na Mungu si Athumani, Machi akatoka! Mifupa ikaanza kuja na nyama, unaona hizi? Jumapili hiyo tulienda mbele na shukrani, laini nzima."

Zadock aliziona. Kila mfupa ulikuwa na nyama mgongoni, nyama ubavuni, nyama shingoni. Kazi ya ovyo kabisa. Aliutia mkono wake wa kushoto mfukoni, na huko ukakaa.

Walirudi kwa miguu. Walipofika kwenye reli, Lornah alisimama, akaushika ukuta wa kibanda cha mtu wa viatu, akainama.

"Kidole tu," akasema, na kicheko kikamtoka hadi mwenye kibanda akaja kuuliza kama mama ni mgonjwa.

Zadock hakucheka. Nyumbani alikiangalia cheti chake ukutani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiutupa mfupa kwenye tundu la pembeni mwa meza, unaanguka, anachukua samaki mwingine. Hakuwahi kujiuliza unaangukia wapi. Sasa alijua kwamba unaangukia kwenye sahani, na kwamba siku aliyoachishwa kazi, siku iliyomfanya akae kwenye kitanda chake na viatu miguuni hadi magharibi, kuna watu walibeba sadaka. Ilimuuma. Ilimuuma kwa sababu hakuweza kuwakasirikia.

Lornah, yeye, hakurudi kutoka Obunga mikono mitupu. Alikuwa ameona masufuria, ameona wateja, na ndani ya wiki mbili aliuza ile mitungi ya gesi iliyokuwa uvunguni, akanunua sufuria na gunia la kwanza, na Nabututu akamsogezea nafasi. Mwezi wa nane alilipa kodi ya nyumba kwa pesa ya mifupa. Mwezi wa tisa akalipa tena. Hakusema lolote kuhusu Disemba, na Zadock hakumkumbusha.

Zadock alikuwa akimsaidia kubeba kuni na magunia. Alibeba kwa mkono wa kulia. Alisalimia kwa wa kulia, alipokea chenji kwa wa kulia, aligeuza samaki kwa wa kulia akimwaga mafuta kila mahali. Wa kushoto ulikaa mfukoni. Nabututu alivumilia mwezi mmoja, kisha akamvuta Lornah kando.

"Mama Valarie, mkono ya Mzee iko na shida gani?"

"Iliumia kazini," Lornah akajibu, na kwa namna fulani hakuwa amedanganya.

Kesho yake Nabututu alimletea Zadock chupa ya mafuta ya kuchua, akamwambia apake asubuhi na jioni. Alhamisi iliyofuata kundi la maombi liliutaja mkono wa kushoto wa Mzee Okinyi kwa jina. Mama Aloo ndiye aliyeongoza. Aliomba upone wote, kuanzia begani hadi kwenye kidole cha mwisho. Zadock alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, na aliposema amina mkono ulikuwa bado mfukoni.

Mambo yalikuwa hivyo Gordon alipopiga simu mwezi wa kumi. Samaki walikuwa wamerudi kidogo. Kiwanda kilikuwa kimeajiri vijana kumi na wanane, wote wa bei rahisi, na vijana walikuwa wakiacha nyama kwenye mfupa hadi meneja akashikwa na presha.

"Mzee, tunakutaka uwafundishe," Gordon alisema. "Miezi mitatu tu. Nataka meza zote zikate kama wewe. Meneja anataka kukuona ukikata samaki mmoja kwanza, ahakikishe mkono bado uko. Ni formality tu."

Zadock aliiweka simu juu ya kikapu cha maharagwe na kumweleza mkewe. Lornah aliacha kusugua sufuria.

"Mshahara?"

"Ule ule. Na marupurupu."

"Miezi mitatu."

"Mitatu."

Lornah alifikiri. Zadock naye alifikiri, na alijua kwamba wanafikiria jambo moja. Meza zote zikikata kama yeye, sufuria ya Lornah imekwisha, ya Nabututu imekwisha, ya Mama Aloo pia. Na miezi mitatu ikiisha, Wembe mmoja atakuwa amerudi nyumbani na kuwaacha wengine kumi na wanane. Lakini mshahara ni mshahara. Mtu hukaa miezi saba akinywa turungi, na akisikia neno hilo masikio yanasimama.

"Enda," Lornah akasema hatimaye. "Ni kazi yako. Mimi sitakuambia usiende kazi yako halafu uniangalie na hiyo macho miaka yote."

Alinoa kisu hadi kikanyoa nywele za mkono. Jumatano asubuhi alivaa gambuti, akalitoa koti lake jeupe ndani ya kikapu, na akaenda kiwandani likinuka maharagwe.

Walimweka kwenye meza ya tatu, mwisho, mahali pake. Vijana kumi na wanane walijipanga kumzunguka. Meneja alisimama na Gordon kando ya mizani. Akaletwa mbuta mzuri, wa kilo nne hivi, mwenye macho angavu. Zadock akautoa mkono wa kushoto mfukoni, na mkono ukafurahi. Hilo lazima lisemwe. Kisu kiliingia nyuma ya shingo chenyewe, kikaupata mfupa, kikaanza kuteremka ile safari iliyoijua, na vijana wakasogea karibu. Mmoja alisema "eish."

Zadock alikuwa amekuja kukata vizuri. Alikuwa amedhamiria hivyo tangu Manyatta, njia nzima. Lakini alipofika katikati ya mgongo, mahali ambapo mkataji wa kawaida huacha nyama ya vidole viwili na yeye huwa haachi kitu, aliona sukuma zake zilizokatwa kama nyuzi. Aliiona nyanya ya Valarie dirishani. Miezi saba alikuwa amekaa upande wa pili wa kisu, na kule ladha haikuwa ile ile. Aliukunja mkono kidogo, kisu kikapanda juu ya mfupa, na kikashuka hadi mkiani kikiwa kimeacha nyama nene upande mzima. Akamgeuza samaki na kufanya vivyo hivyo upande wa pili.

Gordon alipima minofu. Akapima tena. Akamwangalia meneja, meneja akaiangalia saa yake.

"Mzee," Gordon alisema kwa upole, na huo upole ndio uliochoma, "mkono umechoka."

Zadock aliwatazama wale vijana. Yule wa "eish" alikuwa anaangalia chini, akimwonea haya. Neno moja tu lingetosha, apewe samaki mwingine, awaonyeshe. Alipangusa kisu.

"Umechoka," akasema. "Miaka imeenda."

Nyumbani alimwambia Lornah maneno hayo hayo. Lornah alilirudisha koti ndani ya kikapu na kufukia sufuria ya maharagwe. Zadock alikaa akakitazama cheti ukutani, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba fremu yake imepinda. Mchana huo kila aliyepita dirishani akicheka, alidhani anachekwa yeye.

Asubuhi yake walikuwa Obunga mapema. Gunia la kiwandani lilifika, likamwagwa juu ya karatasi ya nailoni, na akina mama wakaanza kuchambua. Zadock alikuwa anapanga kuni kwa mkono wa kulia aliposikia Nabututu akipiga kelele.

"Jameni! Njooni muone!"

Alikuwa ameinua mfupa mmoja juu kabisa. Mistari ya kisu ilikuwa imelala upande ule.

"Wembe amerudi!"

Mama Aloo aliacha kijiko ndani ya mafuta. Laini nzima ikasogea. Nabututu akauteremsha mfupa, akaugeuza, akabonyeza nyama kwa kidole, akabonyeza tena.

"Lakini angalia nyama hii yote," akasema polepole. "Woi, masikini. Amezeeka. Wembe amekwisha. Hata kisu hawezi kushika."

"Pole yake," akasema Mama Aloo. "Labda iko na ugonjwa ya kutetemeka."

"Tumuweke kwa maombi."

Zadock alikuwa ameyavumilia mengi mwaka ule. Alikuwa ameivumilia turungi, taa moja, upole wa Gordon. Jana alikuwa ameliuza jina lake mbele ya watoto kumi na wanane na hakutetemeka. Lakini huruma ya Obunga ilimshinda. Aliangusha kuni.

"Hajazeeka," akasema.

"Mzee?"

"Nimesema hajazeeka."

Aliuchukua mfupa kutoka mikononi mwa Nabututu na kuulaza juu ya ubao wa vitunguu. Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akashika kisu.

"Mkono umepona!" Mama Aloo akapiga kelele. "Asifiwe Bwana! Oneni, mkono ya Mzee imepona!"

Kisu kilipita mara moja. Nyama ilitoka yote kwa pamoja, kipande kimoja kirefu, na chini yake mfupa ukabaki mweupe, mistari imelala upande ule. Akaugeuza na kupitisha mara ya pili. Kisha akaweka kisu chini, akarudi nyuma hatua moja, na ndipo akaona alichokuwa amefanya.

Hakuna aliyesema Asifiwe tena. Nabututu aliutazama mfupa, akautazama mkono, akautazama uso. Korongo mmoja alishuka kutoka kwenye bati, akachukua kichwa cha samaki karibu na mguu wa Mama Aloo na kuondoka nacho, na hakuna aliyemfukuza.

"Ni wewe," Nabututu akasema.

"Ni mimi."

"Miaka kumi na nane."

"Sikujua inaenda wapi," Zadock akasema. "Kusema kweli, sikuuliza."

Lornah alikuwa amesogea. Hakuwa akimtazama Nabututu, alikuwa akiitazama ile nyama, kipande cha juu na kipande cha chini, mahali palipokuwa na vidole viwili kamili, vimepimwa, kila upande sawasawa.

"Uliniambia mkono umechoka," akasema.

Lornah alipeleka mkono mdomoni na kuuacha hapo, na macho yake yakajaa, mbele za watu, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Nabututu ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote. Alivuta kigoda, akakaa. Alijifunga kitambaa chake upya. Ilionekana kana kwamba kuna maneno ya miaka kumi na minane aliyokuwa ameyaweka tayari kwa mtu huyu, na sasa mtu mwenyewe yuko, naye ni Mzee wa kuni, aliyepakwa mafuta ya kuchua.

"Tuliomba upate kazi ingine," akasema mwishowe.

"Nilisikia."

"Umepata?"

"Bado."

Nabututu alisukuma sinia la nyanya na vitunguu vya kachumbari mbele yake, juu ya ubao.

"Wateja wanakuja saa nne," akasema. "Na usinikatie ile yako. Kata nene."

Zadock alichukua kitunguu cha kwanza kwa mkono wa kulia, akashika kisu kwa wa kushoto. Ilimuuma sana, lakini akakata nene.